Dobi wa Kikorea na Dobi Wetu wa Kihonda

Miaka michache iliyopita nilikuwa na duka la filamu Kihonda, Morogoro. Kusema duka ni kujikweza. Kilikuwa chumba kimoja kilichotobolewa mlango upande wa barabarani, ndani kuna kompyuta, meza, na runinga ambayo joto likizidi ilianza kuwaonyesha watu wote wakiwa wa kijani. Mteja alikuja na flashi yake, akataja anachotaka, nikamwingizia, akaondoka. Waliotengeneza filamu zenyewe hawakujua kama nipo duniani, nami sikuona sababu ya kuwasumbua.

Wateja wangu wakubwa walikuwa wanawake wenzangu, na wanawake wa Kihonda walitaka Wakorea. Walitaka zile tamthilia ambazo kijana tajiri anahangaika wiki nzima ya vipindi kabla hajamshika binti mkono. Kulikuwa na mwigizaji mmoja waliyempenda hasa, wakamwita Mkwe. Mrefu, ngozi kama maziwa ya kopo, nywele zimemwangukia jicho moja. Kila mwenye binti alikuwa ameshamkabidhi kimoyomoyo.

Siku moja nikapata filamu mpya, Mkwe yuko kwenye picha ya mbele, nyuma yake mvua inanyesha. Nikadhani ni mapenzi ya masika.

Niliitazama kwanza mwenyewe, mchana, pamoja na shemeji yangu. Huyu ni mume wa dada yangu, askari polisi mstaafu, aliyekuwa anashinda dukani kwangu kwa sababu akikaa nyumbani dada yangu alimpa kazi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, miguu ameinyoosha mpaka kizingitini, kila anayeingia anamruka.

Filamu ilikuwa imetafsiriwa. Yaani kuna mwanamume mmoja amekaa sijui wapi na kipaza sauti chake, anazungumza juu ya sauti za waigizaji wote, bibi kwa mjukuu, muuaji kwa maiti, na pale Kikorea kinapomshinda anatunga. Wapelelezi walipotoka ofisini kwao Seoul alituambia wanaelekea Manzese. Muuaji, ambaye ndiye Mkwe, alikuwa na duka la kufulia nguo lenye vioo na mashine za mvuke. Mtafsiri akampa jina la Dobi. Jina lake la Kikorea sijalijua mpaka leo.

Dobi anapokea nguo za wanawake wanaoishi peke yao. Anazifua, anazinyoosha. Akimtamani mwenye nguo, anang'oa kifungo kimoja na kukitumbukiza kwenye kopo. Haupiti muda mwenye nguo anauawa, na gauni lake linakutwa limening'inizwa mlangoni kwake, safi, halina kunyanzi, limepungukiwa kifungo. Sisi tunamjua muuaji tangu mwanzo. Wasiomjua ni polisi peke yao.

Nitaanza na uzuri wake, maana ubaya una foleni. Wakorea wanajua kunyamaza. Kuna mahali Dobi anapiga pasi shati jeupe huku mwenye shati anasubiri kando, hakuna muziki, hakuna maneno, ni mvuke tu unalia pssss, na wewe mtazamaji unajua Dobi anawaza nini ila yule dada hajui. Nilishika meza. Mtafsiri naye hakuweza kuvumilia, akasema, "Hapa kumetulia, jamani." Lakini hata yeye hakuiharibu. Na muuaji mwenyewe ametengenezwa vizuri. Hana kovu usoni, hana macho mekundu, hacheki peke yake kama wale wauaji ambao ukiwaona tu unafunga mlango. Ni mpole. Anawainamia wazee. Anambebea bibi wa ghorofani mzigo wake wa kabichi. Unatamani awe jirani yako, halafu unajishtukia.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni mama mmoja, mzazi wa binti wa kwanza kuuawa. Kila mchana anapeleka chakula kituoni kwa mpelelezi. Hasemi kitu. Anaweka bakuli, anafunua kifuniko, anakaa mpaka mpelelezi amalize, anachukua bakuli lake anaondoka. Mpelelezi anakula huku hana la kumwambia. Mtafsiri hapo alinyamaza kabisa. Labda na yeye alikuwa anakula.

Ubaya sasa. Mpelelezi mwenyewe ni mwanamke mwenye mafua yasiyopona, na kila anapokaribia ukweli simu yake inazima chaji. Nchi inayotengeneza simu za dunia nzima! Akigundua kwamba muuaji yuko chini ya jengo lenye giza, hamwambii mtu, anashuka peke yake na tochi, na tochi nayo inazima. Dobi anaanguka kutoka ghorofani, anainuka, anajipangusa. Anagongwa na lori, anainuka. Anapigwa meza ya pasi kichwani, anainuka. Mbuzi wa Idi wangekuwa na roho namna hiyo tusingeonja nyama.

Kisha tunasimamishiwa filamu ili tuonyeshwe utoto wake, jinsi mama yake alivyokuwa akimfungia kabatini katikati ya makoti. Kila muuaji wa Kikorea ana mama. Sisi Morogoro tulichapwa na mama zetu kwa mwiko, kwa kandambili, kwa waya wa redio, na mtaa mzima umetoa mwizi wa baiskeli mmoja tu. Na mvua! Hakuna anayekufa jua likiwaka. Tunaoishi chini ya Uluguru tunaijua mvua. Wingu likishuka mlimani tunaanua nguo bila kuulizana. Lakini mvua yenye bidii ya kazi kama ile sijapata kuiona.

Hata hivyo, lililonikera kuliko yote lilikuwa watu wa mtaani mle kwenye filamu. Wanamshuku muuza samaki mmoja, maskini ya Mungu, kwa sababu ana visu na anavaa buti za mpira. Wanamzomea, wanavunja kibanda chake, samaki wanamwagwa barabarani.

Nikamwambia shemeji, "Hapa wametudanganya. Watu wazima, wamesoma, wana treni za umeme tangu zamani, hawawezi kuwa wajinga kiasi hiki."

"Mimi walioniudhi ni polisi," shemeji akasema. "Huyu mtu ningemtia pingu kabla chai haijapoa. Mhalifu unamsoma machoni."

"Wewe uliwasoma wangapi, shemeji?"

"Hayo ni mambo ya kikazi."

Sikuendelea. Dada yangu alishanieleza zamani. Shemeji alilitumikia jeshi la polisi kwa uaminifu mpaka akastaafu, akipiga tarumbeta kwenye bendi. Mhalifu pekee aliyewahi kukaribiana naye ni yule aliyemwibia kofia kwenye gwaride.

Filamu nikaanza kuiuza. Nilimwonya kila mteja kwamba si ya mapenzi. Hakuna aliyenisikia, walimwona Mkwe, wakanyoosha flashi. Kesho yake walirudi kama wafiwa. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye nyumba kubwa ng'ambo ya barabara, aliyezoea kuusahihisha mtaa mzima kama daftari.

"Mmemfanya nini mtoto wa watu?" akaniuliza.

"Mwalimu, mimi nimeiingiza tu kwenye flashi."

"Ungeikataa! Kijana alikuwa na maadili."

Mwingine alitaka nimbadilishie, nimpe ile ambayo mwishoni anaoa. Wa tatu alitetea kwamba Mkwe asingeua kama wale wanawake wangempenda. Lakini hao hao waliolalamika waliitazama tena, wakaazimana, wakawapa na shoga zao wa kona ya pili. Haikupita wiki, hapakuwa na nyumba ambayo Dobi hajaingia.

Shida ni kwamba dobi sisi tulikuwa naye. Wetu alikuwa kijana aliyeshuka kutoka Mgeta, huko juu kwenye baridi na bustani za kabichi, akaja na pasi ya mkaa na mdomo usiosema sana. Alijenga kibanda cha mabati mkabala na duka langu. Kwenye msumari alitundika rozari yake, kwenye waya akatundika nguo za watu. Mrefu, mtaratibu, akisalimia wakubwa anainama kidogo na kuvuta mwisho wa neno kama wanavyovuta watu wa mlimani: "Shikamoooo." Kabla ya filamu wanawake walisema, "Kijana ana heshima huyu, angefaa kuoa." Baada ya filamu wanawake hao hao wakaanza kuulizana, "Kwa nini ana heshima hivyo? Anaficha nini?"

Watoto ndio walioanza. Akipita na beseni lake walipaza sauti ya yule mtafsiri: "Dobi huyoooo! Dobi kazini!" Yeye alicheka, akawapungia mkono. Hakuwa na runinga. Alidhani wanampenda.

Kisha nguo zikaanza kupungua. Mwalimu aliacha kupeleka mashuka yake. "Nimeamua kujifulia," akatangaza, "ni mazoezi." Wake za watu wakawatuma waume zao kupeleka nguo. Dada mmoja anayeishi peke yake alikuwa akifika mbele ya kibanda anazungumza na simu kwa sauti kubwa, kwamba kaka zake wote wanakuja kumtembelea, na mmoja ni mwanajeshi. Simu yenyewe niliiona, ilikuwa imezimwa.

Likafuata kopo la vifungo. Kila dobi duniani ana kopo la vifungo, maana vifungo vinakatika na nguo zinafuliwa. Lake lilikuwa la maziwa ya unga. Mama mmoja aliyekwenda kuchukua suruali za mumewe akaliona chini ya meza. Asubuhi lilikuwa kopo. Kufikia adhuhuri mtaani lilikuwa limekuwa ndoo.

Katikati ya hayo msusi wetu akatoweka. Alikuwa binti mchangamfu aliyepanga chumba cha nyuma nyumbani kwa mwalimu, akisukia watu barazani. Asubuhi moja mlango wake ukaonekana una kufuli. Siku ya pili kufuli lipo. Wateja walimpigia, wakajibiwa kwamba namba wanayopiga haipatikani. Na pale kibandani kwa dobi, kwenye waya, lilining'inia gauni lake la kitenge cha njano, safi, halina kunyanzi, upepo unalitikisa.

Wakaja wote dukani kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyetunga. Mwalimu alisimama kwenye kizingiti, akakunja uso, akavitazama vifungo vya lile gauni kuvuka barabara.

"Kimoja hakipo," akasema.

Mwanamke mmoja akashika mdomo. Mwingine akaanza kulia kabisa, akimtaja msusi kwa wema wote ambao hakuwahi kumtajia akiwa anagombana naye juu ya zamu ya kusukwa.

"Si mwende kituo cha polisi?" nikawauliza.

Wakanitazama kwa huruma. "Polisi si tumewaona kwenye muvi," mmoja akanijibu. "Mpaka waamke, tumekwisha."

Basi wakamgeukia shemeji, aliyekuwa amekaa palepale kitini.

Sijawahi kumwona mwanamume akiinuka kwa furaha vile. Alikwenda nyumbani, akarudi amevaa mkanda wake wa kazini, miwani ya jua, na filimbi shingoni. Dada yangu, mwenye genge la mboga hatua chache kutoka dukani kwangu, akamuuliza, "Unakwenda wapi na mkanda huo? Kuna gwaride?"

"Kuna kazi," shemeji akasema, wala hakugeuka. Akanivuta mkono na mimi nimfuate, eti kwa sababu ninazijua mbinu za huyo muuaji.

Dobi alikuwa ananyunyizia maji shati. Alipouona msafara akaiweka pasi juu ya jiwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, unanifahamu mimi ni nani?"

"Nakufahamu, mzee. Ni mume wa mama wa genge. Ile suruali yako ya kijivu bado haijakauka."

Mtu nyuma yangu akakohoa kuficha kicheko. Shemeji akavua miwani.

"Mimi ni afande mstaafu. Juzi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na jana?"

"Hapa, mzee."

"Na leo?"

Dobi akatazama chini alipokuwa amesimama. "Hapa."

Shemeji akatugeukia. "Mnaona? Jibu moja kwa maswali yote. Amelikariri." Akainama, akalitoa kopo chini ya meza, akalitikisa juu ili kila mtu asikie. "Hivi vifungo ni vya nani?"

"Vya watu."

"Watu gani?"

"Wenye nguo."

"Na hao wenye nguo sasa hivi wako wapi?"

Dobi akatutazama mmoja mmoja, hajaelewa. "Si hawa hapa, mzee."

Mkono wa mwalimu ulipanda taratibu hadi kifuani kwake, pale ambapo blauzi yake ilikuwa imeshikwa kwa pini. Aliushusha haraka.

Ndipo shemeji akalifikia gauni la njano. Kwenye filamu ushahidi unawekwa kwenye mifuko ya plastiki inayong'aa. Yetu ilishapigwa marufuku. Akaagiza aletewe chochote, akaletewa kiroba kilichokuwa na mkaa, akalishindilia gauni humo ndani na kukifunga kwa kamba. "Ushahidi namba moja," akasema. Dobi alinyoosha mkono kama mtu anayeona sufuria ya mwenzake ikianguka. "Mzee, hilo ni safi!" Hayo ndiyo maneno makubwa kuliko yote aliyosema siku ile.

Ingeishia hapo ingekuwa kichekesho. Lakini watu walikuwa wameongezeka. Walikuwepo ambao hata msusi mwenyewe hawakumjua. Sauti ikatoka nyuma, "Kwani tunasubiri nini?" Nyingine ikasema kibanda kivunjwe tuone kilichofukiwa chini yake. Mtu akavuta bati. Mwanamke mmoja akalipiga teke beseni, mashati yaliyokwisha suuzwa yakamwagika kwenye vumbi. Shati la juu lilikuwa la mume wake. Nikamkumbuka yule muuza samaki, na kimoyomoyo nikawaomba radhi Wakorea. Nilikuwa nimelitaja hilo kuwa kasoro ya filamu. Kumbe ni mahali pekee walipotupiga picha.

Dobi hakukimbia. Alipiga magoti akaanza kuokota mashati, moja moja, anakung'uta, anaweka mkononi, likimponyoka anaanza upya. Hapo hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyemsaidia.

Aliyevuka barabara ni dada yangu. Alikuja na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi, watu wakampisha.

"Wewe uliyeshika bati, achia. Na wewe, afande wa tarumbeta," akamwambia mumewe mbele ya mtaa mzima, "rudi nyumbani. Kama kuna mtu kapotea kuna polisi. Polisi wa kweli, sio wa kupuliza."

"Mke wangu, mbele za watu..."

"Mbele za watu ndipo ulipoanzia."

Neno tarumbeta likasambaa kwenye umati kama maji kwenye mchanga. Wengi hawakuwa wanajua. Watu walianza kutazamana, wakakumbuka kwamba wameacha vitu jikoni. Shemeji akaondoka na kiroba chake begani, filimbi inaruka kifuani.

Kesho yake asubuhi jua likiwa limeshapanda, bajaji ikasimama mbele ya nyumba ya mwalimu. Akashuka msusi, mzima wa afya, amenenepa kidogo, na kikapu cha viazi vitamu. Alikuwa Ngerengere. Dada yake alijifungua ghafla, akaitwa, akaondoka, na simu ikamtumbukia kwenye ndoo siku hiyo hiyo aliyofika. Alikwenda moja kwa moja kwa dobi kuchukua gauni lake, kwa sababu mchana ule alikuwa na shughuli ya kumfunda mwenzake anayeolewa.

Ndipo gauni likaletwa. Shemeji hakuja mwenyewe. Alimpa dada yangu alilete. Msusi, aliyekwisha kusimuliwa mkasa mzima, akafungua kiroba, akalitoa gauni la njano, ambalo sasa lilikuwa na rangi ya chungu kilichotoka motoni.

"Nani kasema nimekufa?" akauliza.

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma hatua moja.

"Nauliza, nani aliyeiona maiti yangu?"

Mwalimu akasogea, sauti ameilainisha. "Tulikuwa na wasiwasi na wewe, mwanangu. Uliondoka bila kuaga."

"Bila kuaga? Mwalimu, si nilikuja dirishani kwako? Nikakwambia, shikamoo mwalimu, nakwenda Ngerengere, dada kajifungua. Ulikuwa unatazama runinga umenipa mgongo. Ukaniambia, 'Haya, safari njema, na mvua hii!' Nikashangaa, maana jua lilikuwa linawaka."

Mimi niliyekuwa mlangoni kwangu nililazimika kuingia ndani nicheke. Nilipotoka, mwalimu alikuwa ameshaingia kwake na kufunga dirisha.

"Na hicho kifungo," mtu mmoja akajaribu, "mbona kimoja hakipo?"

"Ni mshono!" msusi akapiga kelele. "Ndivyo linavyoshonwa! Ninyi mnanunua nguo wapi?"

Dobi alikuwa amesimama pembeni. Akamwomba lile gauni kwa mikono miwili. Akalifua tena, akabadilisha maji mara nyingi, akalinyoosha likiwa bichi mpaka mvuke ukamfunika uso. Msusi alikaa kwenye kigoda akimsubiri, akitukana mtaa mzima kwa zamu bila kuchoka. Alichelewa shughuli yake, lakini alikwenda anang'aa.

Hakuna aliyemwomba dobi msamaha. Nguo zilirudi tu, zenyewe, kama mbuzi jioni. Mwalimu alituma mashuka, akasema mazoezi daktari amemkataza. Shemeji alitamka kwamba uchunguzi umefungwa, kwa namna ambayo ungedhani ni yeye aliyemfufua msusi.

Baada ya siku kadhaa dobi alifunga kibanda mchana akaja dukani kwangu. "Dada, naomba kuiona hiyo muvi."

Nikamwekea. Alikaa kwenye kreti la soda, mikono juu ya magoti, na nyuma yake mlangoni watu wakajaa, hawaitazami runinga, wanamtazama yeye. Walitaka alie, au akasirike, au aseme jambo la hekima ambalo wangelirudia wakati wa kula. Alitazama mpaka mwisho. Watu wakasubiri. Akanigeukia.

"Ile mashine ya mvuke," akasema, "inauzwa wapi?"

Wakaondoka wamenuna, kama walioibiwa.

Hazikupita wiki nyingi, mtaa ukaamka kwa makelele. Niliposikia ukelele wa kwanza nilidhani ni nyoka. Wa pili ukatoka nyumba ya mwalimu. Nikafungua mlango wangu, na pale kwenye kitasa palikuwa na gauni langu limening'inizwa, safi, halina kunyanzi hata moja. Nikatazama kushoto na kulia. Kila mlango wa mwenye nguo kwa dobi ulikuwa na nguo imening'inia, mashati, suruali, mashuka ya mwalimu yamekunjwa juu ya kamba, na wanawake wamesimama mbele ya nguo zao wenyewe wakipiga yowe. Kibanda kilikuwa kimevunjwa vizuri, mabati yamepangwa, pamefagiliwa. Alikuwa ameondoka alfajiri, akamrudishia kila mtu chake kabla hajaondoka. Kama alikusudia mzaha au alikuwa anamaliza kazi yake kwa uadilifu, hakuna anayejua. Mimi najua ninavyoamini, na nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tangu hapo mtaa wetu ulikaa bila dobi. Siku za harusi na ubatizo tulitoka kama watu waliolala garini. Shemeji alijifunza kupiga pasi. Aliunguza ile suruali ya kijivu, akasema pasi ina hitilafu.

Biashara yangu nayo ilikufa, watu walipoanza kutazama kila kitu kwenye simu zao. Mwaka jana nilikuwa mjini na blanketi kubwa lisilofulika nyumbani, nikaelekezwa sehemu moja ya kufulia nguo karibu na wanapolala wanafunzi wa chuo. Vioo, kaunta, na nyuma yake mashine ya mvuke inalia. Aliyekuwa kaunta ni yeye. Amenawiri, shati jeupe, nywele amezichana vizuri.

"Shikamoo dada," akasema, akivuta mwisho vilevile.

"Marahaba mdogo wangu. Za siku?"

"Njema. Dada yako wa genge hajambo?"

"Hajambo."

Hakumuulizia mwingine yeyote. Nikamwambia mtaani wanamkumbuka sana, wangefurahi akirudi.

"Wananikumbuka?" Akalipokea blanketi, akalikunja kwa utaratibu wake. "Waambie kuna pasi za umeme siku hizi madukani. Ni nzuri."

Aliniambia nifuate blanketi Jumamosi. Nilipokuwa natoka akaniita.

"Dada, hapa tuna runinga ya wateja. Huna filamu ambayo hakuna anayekufa?"

Nikasimama kizingitini nikifikiri. Za kivita hapana. Za mizimu hapana. Hata zile za mapenzi, zikikaribia kwisha lazima mmoja apatwe na saratani au agongwe na gari akivuka barabara kumkimbilia mwenzake. Bajaji niliyoiacha nje ikapiga honi mara mbili.

"Nitakutafutia," nikamwambia.

"Hamna haraka," akasema, akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu na begi la nguo.